Uzito unaofika kwa kuchelewa kutoka visiwani: tutumie bei ipi, na je, kanzidata ya kiwakati ndiyo jibu?

KaraniWaMtandao (Ilemela) ameuliza:

Habari za kazi, wanajukwaa. Ninaomba mwongozo katika jambo ambalo nadhani limewakuta wengi wanaojenga mifumo ya ununuzi wa mazao, ingawa mimi nitalieleza kwa upande wa samaki.

Ofisi ninayofanyia kazi hununua sangara katika mialo (sehemu za kutua samaki) kadhaa, mingine ikiwa hapa Ilemela na mingine ikiwa Ukerewe, Ukara na upande wa Sengerema. Kila mwalo una karani mwenye simu janja iliyounganishwa na mizani. Samaki wanapopimwa, programu iliyomo kwenye simu huandika tukio moja lenye namba ya mvuvi, jina la mwalo, daraja la samaki, uzito na saa ya kupima, kisha hulituma kwenye Kafka, yaani foleni ya kupokea na kutunza matukio, iliyo katika seva yetu ya Mwanza. Huko programu nyingine husoma tukio moja baada ya jingine, hutafuta bei katika jedwali la bei lililomo kwenye kanzidata ya MariaDB, huzidisha, na kuandika kiasi anachodai mvuvi. Malipo hufanyika jioni kwa simu.

Ugumu unatokana na mambo mawili yanayokutana. La kwanza ni mtandao. Kuna mialo ya visiwani ambayo mtandao wake hupotea asubuhi na kurudi mchana, na wakati mwingine haurudi hadi kesho yake, kwa hiyo matukio hukaa kwenye simu na kufika yote kwa pamoja. La pili ni bei, ambayo hubadilika zaidi ya mara moja kwa siku kulingana na mahitaji ya viwanda vya minofu na wingi wa samaki waliotua. Hivyo tukio la alfajiri linapofika alasiri, jedwali la bei lina bei ya alasiri, na mvuvi huhesabiwa kwa bei ambayo haikuwapo alipokabidhi samaki wake. Wapo waliopunjwa kwa njia hiyo na wapo waliozidishiwa. Wote wana haki ya kuuliza hesabu imetoka wapi, nasi hatuna cha kuwaonyesha, kwa kuwa bei ya zamani hufutwa mpya inapoandikwa.

Nimesoma kwamba MariaDB ina majedwali yanayotunza historia yenyewe, na kwamba mtu anaweza kuliuliza jedwali lilikuwaje saa fulani iliyopita. Je, nikiwasha uwezo huo katika jedwali la bei, halafu programu yangu iulize bei ilikuwaje saa samaki alipopimwa, nitakuwa nimemaliza tatizo? Au ni lazima tuhamie kwenye injini ya mikondo kama Flink, yaani programu inayochakata matukio kadiri yanavyofika, ambayo nimeambiwa kwamba hulifanya jambo hili yenyewe?

---

Mwalimu_Nyegezi:

Ndugu Karani, nashukuru kwa kulieleza jambo lako kwa utaratibu. Jibu la swali lako la kwanza ni hapana: ukiwasha historia ya jedwali peke yake utabadilisha aina ya kosa bila kuliondoa. Naomba nieleze kwa nini, maana hapa ndipo wengi hukwama.

Taarifa yoyote ya bei ina nyakati mbili. Upo wakati ambao bei hiyo ilikuwa halali pale mwaloni, na upo wakati ambao kanzidata yako ilipata kuijua. Richard Snodgrass na Ilsoo Ahn walizitenganisha nyakati hizi kwa uwazi katika makala yao ya mwaka 1985, na kiwango cha SQL:2011, cha lugha ya kuulizia kanzidata, kikaja kuzipa nafasi katika lugha yenyewe. Mimi nitauita wa kwanza wakati wa uhalali na wa pili wakati wa kurekodiwa. Majedwali ya historia uliyoyasoma, ambayo MariaDB ilianza kuwa nayo katika toleo la 10.3, hutunza wakati wa kurekodiwa tu. Yanakuambia kanzidata ilikuwa inasema nini saa fulani. Hayakuambii mwaloni palikuwa na bei gani saa hiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Jumanne bei ya daraja A huko Ukara inapanda kutoka shilingi 8,500 hadi 9,000 kuanzia saa 11 alfajiri, kwa makubaliano yaliyofanyika kwa simu kati ya meneja na wavuvi. Mwandishi wa bei aliyeko ofisini anaiingiza saa 3 asubuhi. Saa 6 mchana bei inashuka hadi 8,800. Mvuvi mmoja alipimiwa kilo 42 saa 12 na nusu asubuhi, lakini tukio lake limefika kwenye seva saa 8 mchana. Programu yako ya sasa itampa 8,800, kwa sababu inatazama bei iliyopo. Ukiwasha historia na kuuliza jedwali lilikuwaje saa 12 na nusu, atapewa 8,500, kwa sababu saa hiyo kanzidata ilikuwa haijaambiwa kwamba bei imepanda. Bei ya haki ni 9,000, na hakuna hata njia moja kati ya hizo mbili inayoifikia.

Ili uipate 9,000 ni lazima jedwali liwe na muda wa uhalali ulioandikwa na mwanadamu, yaani safu ya kuanzia na safu ya kuishia. Na ili baadaye uweze kueleza kwa nini ulilipa ulicholipa, ni lazima pia liwe na historia inayoandikwa na mashine, ambayo hakuna karani awezaye kuigusa. Kuwa na zote mbili katika jedwali moja ndiko kunakoitwa kanzidata ya nyakati mbili, na habari njema kwako ni kwamba MariaDB inazo zote. Vipindi vya uhalali vilikuja katika toleo la 10.4, na katika 10.5 likaongezwa sharti la kuzuia vipindi viwili vya bei kupishana. Jedwali linaweza kuwa hivi:

```
CREATE TABLE bei_za_mwalo (
  mwalo        VARCHAR(20)   NOT NULL,
  daraja       CHAR(1)       NOT NULL,
  bei_kwa_kilo DECIMAL(10,2) NOT NULL,
  kuanzia      DATETIME      NOT NULL,
  hadi         DATETIME      NOT NULL,
  PERIOD FOR uhalali (kuanzia, hadi),
  UNIQUE (mwalo, daraja, uhalali WITHOUT OVERLAPS)
) WITH SYSTEM VERSIONING;
```

Sharti la mstari ule wa mwisho wa ndani lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Bila hilo, siku moja watu wawili wataingiza bei mbili kwa saa zilezile za mwalo uleule, programu yako itachukua inayotangulia kusomwa, na hutajua. Zingatia pia kwamba kipindi hujumuisha mwanzo wake na hakijumuishi mwisho wake, kwa hiyo samaki aliyepimwa saa 6 kamili mchana ni wa bei mpya. Nimechagua DATETIME kwa makusudi, kwa sababu bei isiyo na mwisho unaojulikana huandikwa kwamba itaishia mwaka 9999, na aina ya TIMESTAMP katika matoleo mengi ya MariaDB haivuki mwaka 2038.

Sasa yaje marekebisho, ambayo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kutunza nyakati zote mbili. Tuseme Jumatano inagundulika kwamba makubaliano yalikuwa 9,200 kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, ndipo ikawa 9,000. Amri ya UPDATE yenye FOR PORTION OF uhalali itakikata kipindi cha 9,000 vipande viwili, itabadilisha kile cha mwanzo tu, na mstari wa zamani utahamia kwenye historia. Karani mwaminifu wa mwaloni hafuti namba kwa kifutio. Huichora mstari na kuandika sahihi pembeni, ili anayekuja nyuma yake azione zote mbili. Hicho ndicho jedwali hili linachokifanya. Mvuvi wetu akija kuuliza, unaweza kuonyesha kwamba Jumanne saa 12 jioni, wakati wa malipo, tulichokijua kilikuwa hiki:

```
SELECT bei_kwa_kilo
FROM bei_za_mwalo
  FOR SYSTEM_TIME AS OF TIMESTAMP '2026-03-10 18:00:00'
WHERE mwalo = 'UKARA-02' AND daraja = 'A'
  AND kuanzia <= '2026-03-10 06:30:00'
  AND hadi    >  '2026-03-10 06:30:00';
```

Jibu litakuwa 9,000. Ukiondoa mstari wa FOR SYSTEM_TIME, jibu litakuwa 9,200. Tofauti ya shilingi 200 mara kilo 42 ni shilingi 8,400, na hizo ni zake.

Nimalizie kwa tahadhari moja, kwa kuwa nimeona watu wakishauriwa vibaya. Kanzidata za mfululizo wa nyakati, kama InfluxDB au TimescaleDB, ni kitu kingine. Zimetengenezwa kupokea vipimo vingi sana vyenye muhuri wa saa na kuvijumlisha haraka, kama joto la barafu ndani ya gari la samaki. Kutunza matoleo ya ukweli unaorekebishwa si kazi zilizoundiwa.

---

KaraniWaMtandao (Ilemela):

Mwalimu, nashukuru mno. Mfano wa bei tatu umenifungua, kwa sababu nilikuwa tayari kuwasha historia wiki hii na kuamini kwamba kazi imekwisha.

Limebaki swali la upande wa mkondo. Tukio linafika, ninatafuta bei kwa wakati wa uhalali, ninapata 9,000, ninaandika deni. Kesho bei inarekebishwa kuwa 9,200. Ni nani atakayeiambia programu yangu kwamba matukio ya jana yaliyokwisha kupita yanapaswa kuhesabiwa upya? Hapo ndipo nilipodhani Flink ingenisaidia.

---

Mhandisi_wa_Mikondo (Musoma):

Ndugu Karani, mimi hutumia Flink kazini na ninaipenda, kwa hiyo ninachokuambia hakitokani na kuidharau. Kwa kazi uliyoieleza haitakuondolea tatizo la marekebisho ya nyuma, na lile la kuchelewa italihamishia mahali ambapo ni vigumu zaidi kuliona.

Flink ina muungano wa kiwakati, ambao huchukua tukio kutoka mkondo mmoja na kulitafutia toleo la bei lililokuwa likitumika kwa saa ya tukio hilo. Huandikwa kwa maneno yaleyale ya FOR SYSTEM_TIME AS OF aliyoyatumia Mwalimu, lakini tafadhali usidhani ni kitu kilekile. Katika MariaDB saa inayolinganishwa ni ile ambayo kanzidata iliandika mstari. Katika Flink ni saa uliyoitangaza wewe kuwa wakati wa tukio kwenye mkondo wa bei. Ukitangaza safu ya kuanzia, utapata wakati wa uhalali. Ukitangaza saa ambayo badiliko lilitoka kwenye kanzidata, utarudi kulekule kwenye 8,500. Nimeona mifumo yenye kosa hili ikifanya kazi muda mrefu bila mtu kushtuka, kwa sababu siku ambazo bei huingizwa mapema majibu huwa sawasawa.

Jambo la pili ni alama ambayo injini hutumia kujua kwamba wakati umefika wapi, na ambayo sisi tunaiita wotamaki. Flink haiwezi kutunza matoleo yote ya bei milele katika kumbukumbu yake ya ndani, kwa hiyo wotamaki ikishapita saa fulani, matoleo ya bei yaliyokwisha kupitwa na mengine mapya kabla ya saa hiyo husafishwa, kwa kuchukulia kwamba hakuna tukio la zamani litakalokuja tena. Kwenye mji wenye mtandao mzuri dhana hiyo haina madhara. Kwako wewe, tukio la Ukara lililolala kwenye simu usiku kucha litafika na kukuta bei yake imeshaondolewa. Kama muungano wako ni wa aina inayotoa tu matukio yaliyopata bei (inner join), litatoweka bila kelele, na mvuvi hatalipwa kabisa.

Utaambiwa ucheleweshe wotamaki kwa siku mbili. Ukifanya hivyo, hata matukio ya mwalo wa hapo Kirumba yaliyofika baada ya sekunde chache yatasubiri siku mbili ndipo yatoke na bei, kwa sababu muungano huo hautoi jibu mpaka wotamaki ipite. Malipo ya jioni yatakufa. Tena wotamaki hufuata patishani (kipande cha foleni ya Kafka) iliyo nyuma kuliko zote, kwa hiyo patishani inayobeba mialo iliyokatikiwa na mtandao itazuia mialo mingine yote. Upo mpangilio wa kuitangaza patishani iliyokaa kimya kuwa haifanyi kazi ili nyingine ziendelee, lakini mtandao ukirudi, kila kilichokuwa kwenye zile simu kinakuwa kimechelewa. Ni lazima uchague ni nani atakayeumia, na sipendi kwamba uchaguzi huo hufanyika ndani ya faili la mipangilio ambalo mhasibu hawezi kulisoma.

Jambo la tatu linajibu swali lako moja kwa moja. Muungano wa kiwakati wa Flink ukishatoa jibu hauligusi tena. Bei ya jana ikirekebishwa leo, matokeo ya jana hayatatolewa upya. Muungano wa kawaida usio wa kiwakati ungeweza kuyarudia, lakini hulazimika kutunza pande zote mbili bila kikomo. Kafka Streams nayo, tangu toleo la 3.5 la mwaka 2023, ina hifadhi za matoleo ambazo huulizwa kwa saa iliyopita. Hizo humkubali aliyechelewa kwa muda unaoupanga wewe, na ukizidi muda huo jibu ni tupu.

Hivyo maoni yangu ni haya. Uache mkondo ufanye kazi ya mkondo, yaani kusafirisha matukio bila kupoteza hata moja, na uiache kanzidata ijibu maswali ya wakati. Idadi ya samaki wanaopimwa katika mialo michache haiwezi kuishinda MariaDB yenye faharasa nzuri. Kwa marekebisho, fungua mkondo wa pili: kila badiliko la jedwali la bei lisomwe kutoka kwenye kumbukumbu ya mabadiliko ya kanzidata kwa chombo kama Debezium, na programu ndogo ichukue mwalo, daraja na kipindi kilichoguswa, itafute vipimo vyote vya kipindi hicho, ihesabu upya, na iandike tofauti kama tukio jipya. Usilibadilishe deni la jana. Andika deni jipya la shilingi 8,400 lenye maelezo ya badiliko lililolizaa.

Kuna shimo dogo hapo. Tukio linaweza kuwa linahesabiwa sekunde ileile ambayo bei inarekebishwa, likasoma bei ya zamani, na kuandikwa baada ya programu ya marekebisho kumaliza kutafuta. Kwa hiyo katika kila deni tunza pia saa ya kurekodiwa ya mstari wa bei uliotumika, kisha kila usiku endesha ulinganisho wa madeni yote ya siku chache zilizopita na bei kama zinavyojulikana sasa. Kitakachotofautiana kiandikiwe tofauti. Mimi huuthamini ulinganisho huo wa usiku kuliko hila yoyote ya ndani ya mkondo.

Na kama topiki (foleni) ya bei kwenye Kafka imewekewa mfinyazo, iangalie leo. Mfinyazo huahidi kutunza thamani ya mwisho ya kila ufunguo. Ikiwa ufunguo wako ni mwalo na daraja tu, bei za kati zinafutwa taratibu, na siku utakapotaka kujenga upya hesabu kutoka mwanzo hutazikuta. Ongeza saa ya kuanzia ndani ya ufunguo, au uondoe mfinyazo.

---

Dada_wa_Seva (Nyakato):

Ninakubaliana na waliotangulia, ila nina mambo ya utunzaji ambayo huonekana siku ya msiba tu.

Kaka Karani, nakala zako za akiba unazifanya kwa chombo gani? Ikiwa ni mysqldump ya kawaida, fahamu kwamba kabla ya toleo la 10.11 haikuwa ikibeba mistari ya historia kabisa, na hata katika 10.11 ni lazima uiombe kwa chaguo la dump-history. Mtu anaweza kutunza historia kwa uaminifu mkubwa, seva ikaharibika, akarejesha nakala, na kukuta bei za leo tu, huku kila mstari ukidai kwamba ulizaliwa siku ya kurejesha. Jaribu kurejesha kwenye mashine nyingine, kisha uliza swali la FOR SYSTEM_TIME la mwezi uliopita. Kama halijibu, huna nakala.

La pili ni saa zenyewe. Simu iliyokaa bila mtandao, ikazimika na kuwashwa, inaweza kuwa na saa isiyo sahihi, na makarani wengine huibadilisha kwa mkono. Kwa hiyo kila tukio libebe saa ya simu, na seva iongeze saa ya kupokea. Kafka yenyewe inaweza kuwekwa itunze saa ya aliyetuma au saa ya kupokelewa, lakini si zote mbili, basi moja iweke ndani ya ujumbe. Tukio linalosema lilipimwa baada ya kupokelewa lisihesabiwe hadi mtu alitazame. Andika saa zote kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na uzibadilishe wakati wa kuonyesha. Tanzania, Kenya na Uganda zote hutumia saa moja isiyobadilika kwa majira, jambo linalofanya watu wadhani kwamba hakuna haja, mpaka mtu akodi seva ya nje ambayo imepangwa kwa saa za kwao. Na katika fomu ya karani, badala ya kumwandikisha saa kwa tarakimu, mpe achague alfajiri, asubuhi, mchana au usiku pamoja na saa, kwa sababu saa 2 ya usiku imeshaingia kwenye mifumo mingi kama saa 8 usiku.

Mwisho, simu hurudia kutuma zinapodhani kwamba ujumbe haukufika. Namba ya kipekee ya kila upimaji itengenezwe kwenye simu, na jedwali la madeni liikatae ikija mara ya pili.

---

Mhasibu_Nansio:

Mimi si mtu wa programu, lakini ninapokea malalamiko ya wavuvi uso kwa uso, kwa hiyo naomba niongeze kutoka upande wa daftari.

Anachosema ndugu wa Musoma kuhusu kuandika tofauti badala ya kubadilisha deni ndicho sahihi kwa hesabu pia. Fedha iliyokwisha kwenda kwenye simu ya mvuvi haibadiliki kwa sababu mstari fulani umebadilika kwenye kompyuta. Ila naomba mpange mapema kuhusu tofauti inayokuja upande wa pili, pale marekebisho yanapoonyesha kwamba mvuvi alizidishiwa. Msimkate kimyakimya kwenye tenga la kesho. Ujumbe umfikie kwanza, ukitaja siku, mwalo, kilo, bei iliyotumika na bei iliyorekebishwa. Mfumo mnaoujenga unazo taarifa hizo zote, na mvuvi anayeziona huelewa, hata kama hafurahi.

Bei ya samaki nayo siyo peke yake yenye tarehe za uhalali. Gharama ya usafiri kutoka Sengerema, kwa mfano, haiwezi kuhesabiwa kwa namna moja kabla na baada ya Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa na magari ya samaki yakaacha kusubiri kivuko. Anayehesabu upya safari za mwaka huo kwa kiwango cha leo atapata faida ambayo haikuwapo. Kiwango cha ushuru wa mwalo na makato ya vyama vya ushirika ni vivyo hivyo. Yote yastahili jedwali la namna aliyoionyesha Mwalimu.

Kuna jambo la kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu, maana mnatunza majina na namba za simu za watu. Jedwali lisilofuta kitu likiwa na jina la mvuvi ndani yake, litaendelea kulitunza hata mnapotakiwa kuliondoa. Majina na simu yawekwe katika jedwali tofauti lisilo na historia ya kudumu, na huku kwenye bei na vipimo ibaki namba tu.

---

KaraniWaMtandao (Ilemela):

Nawashukuru nyote, na Mhasibu hasa kwa lile la ujumbe kumfikia mvuvi kwanza, ambalo halikuwa kwenye mpango wetu kabisa. Nimeangalia topiki ya bei: ina mfinyazo, na ufunguo wake ni mwalo na daraja. Nimeusimamisha mfinyazo huo mchana huu. Toleo letu la MariaDB ni 10.6, kwa hiyo jedwali la Mwalimu litakubali, lakini nakala za akiba hazitabeba historia mpaka tupande toleo.

Mwalimu, swali moja la mwisho. Bei za miezi iliyopita tunazo kwenye madaftari ya makarani. Nikiziingiza sasa kwenye jedwali jipya, je, niidanganye saa ya mashine ili historia ionekane kwamba ilianza wakati ule?

---

Mwalimu_Nyegezi:

Usifanye hivyo, Ndugu Karani. Toleo la 10.11 lina mpangilio unaoruhusu kuingiza mistari ya historia kwa saa unayoitaja, na umewekwa kwa ajili ya kurejesha nakala za akiba. Kwa madaftari ya zamani, wakati wa uhalali uwe ule ulioandikwa na karani siku ile, na wakati wa kurekodiwa uwe siku mnayoziingiza, kwa sababu kweli kanzidata yenu ilizijua siku hiyo. Mtu akiuliza mfumo ulijua nini mwezi wa kumi mwaka jana, jibu sahihi ni kwamba haukujua chochote.

Ongeza safu moja ya chanzo itakayotaja daftari la mwalo gani na ukurasa gani, na uanze na mialo ambayo malalamiko yake bado hayajafungwa.